Nzuri, Ila

Bi Sijaona wa Isevya aliniuliza kibandani,
chaja nane zikining'inia ukutani,
treni nzima inaingiaje kwenye simu
isiyo na salio hata la jero.

Haiingii treni, Bibi, nikamwambia.

Tazama. Hii ni stesheni yetu, niliirekodi mwenyewe,
gari la Kigoma linaanza kuondoka.
Picha ya kwanza inatumwa yote:
ukuta, saa, benchi, mwanamke na madumu yake ya asali,
behewa la daraja la tatu, kijana dirishani.
Hiyo ndiyo picha mama. Nzito. Inakula bando.

Ya pili haichorwi upya.
Inakatwa miraba midogo kama sakafu ya benki,
na kila mraba unaulizwa: jana ulikuwa wapi?
(Jana ya huku ni kufumba jicho, tena si jicho zima.)
Ukuta unajibu: hapa hapa.
Benchi: hapa hapa.
Saa ya ukutani haina haja ya kuulizwa,
ile imekufa tangu masika.
Dirisha linasema: nilikuwa kulia kidogo, hatua sita.
Basi, tunaandika sita na mshale wa kushoto,
na behewa la tani arobaini
limesafiri likiwa tarakimu moja.

Mashine inajuaje? Inatafuta.
Ni kama mtu aliyeokota ufunguo
akajaribu vitasa vya mtaa wake, si vya mji mzima,
mpaka apate mlango unaokaribia kufunguka.
Nimesema unaokaribia.
Jua limehama kwenye kioo, kijana amefumba macho,
mkono umechomoza ambao haukuwepo.
Kile kilichopelea kinatumwa peke yake, kidogo,
nasi tunakiita baki.

Hakuelewa. Alikuwa akitazama barabarani.
Akapita Ntabo wa maziwa, akashuka baiskeli.
Habari za nyumbani? Nzuri.
Watoto? Wazima.
Za shamba? Nzuri, ila tumbaku imepigwa na mvua ya mawe.

Hapo nikagonga meza.
Umesikia, Bibi? Hakukuhadithia nyumba yake,
wala mlango, wala majina ya watoto wote tisa.
Unavyo. Umevibeba tangu mlipoonana mara ya mwisho.
Kasema "nzuri", ukaacha kila kitu mahali pake;
kasema "ila", ukarekebisha konde moja.
Mazungumzo yote yale, kilichotumwa ni mvua ya mawe.

Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.
Kisha akaniwekea simu yake mbele.
Na asiyekuwa na ile ya kwanza?

Ilikuwa video ya mwanawe Kasanda, kutoka Ujiji.
Mtandao ulikatika, picha mama ikapotea njiani.
Mishale imefika yote, mitiifu,
inasogeza kisichokuwepo:
kijivu kinatembea kikiwa na umbo la bega,
shavu limepakwa rangi ya mlango,
mkono unapunga kutoka ndani ya ukuta.
Na kosa halikai, linarithiwa,
kila picha inaazima kwa iliyotangulia
mpaka ije nyingine nzima.

Akaitazama mara tatu.
Mwaka wa kumi na moja huu, akasema.
Kila Ijumaa anapiga. Nzuri mama, ila mguu.
Nzuri mama, ila tumepata wa tatu.
Nzuri, ila nimeanza mvi.
Nami nasogeza, naongeza, nampaka mvi mtu
ambaye niliagana naye hana hata ndevu.

Sikuwa na jibu. Mimi nauza bando.

Akazichukua elfu mbili zake mezani,
akazikunja, akazifunga pembeni mwa kanga.
Gari la Kigoma linaondoka saa ngapi?

Video ilikuwa bado inacheza.
Nikaiangalia saa ya stesheni, kwa mazoea tu,
nikamwambia nitamuulizia.