Kastabini

Tangazo mlangoni lilisema: kwa watoto wote.
Jumapili asubuhi, sinema ya mtaani kwetu, Miskolc,
theluji ikiyeyuka ndani ya viatu,
na Csongor, kaka yangu, amenunua mbegu za alizeti
kwa chenji ya mkate.

Filamu ya vikaragosi. Fundi cherehani wa mti,
kope hana,
kapoteza kastabini.
Hiyo ndiyo hadithi nzima, ukimuuliza mtu mzima.

Lakini usiku ulipoingia mle kwenye kitambaa cheupe
mkasi wake ulishuka mezani wenyewe,
ukatembea kwa ncha zake mbili, kacha, kacha,
chumba hadi chumba,
ukiinama kwenye kila kitanda
kusikiliza nani hajalala.

Csongor alicheka, kwa sauti kubwa mno.
Mbegu zote zilikuwa zimemwagika miguuni pake.

Majira yote ya baridi nilijifunza kupumua kama aliyelala.
Mama alikuwa akishonea watu nguo nyumbani;
mkasi wake ulikaa droo moja na vijiko,
na supu nilikunywa kwa kuinua bakuli.
Akanichapa kwa kukosa adabu.
Sikusema.

Machi hii tumemzika.
Tukagawana vyombo, sahani kwangu, masufuria kwake,
hadi Csongor, na upara wake, na miaka hamsini na sita,
akavuta ile droo kidogo
akairudisha.
"Chukua wewe," akasema.

Kabati tumeliuza kwa jirani,
droo imefungwa kwa kamba,
bei tukapunguza.