Lumbesa

Jumatatu hadi Ijumaa napima mahindi Kibaigwa:
kilo mia na kumi, kilo mia na ishirini na tatu.
Namwambia dereva shusha, hii ni lumbesa,
naye ananiapia kwa jina la mama yake.
Jumamosi naivaa kamera shingoni,
mkanda wake nimeushona kwa uzi wa magunia,
nakwenda kupima kitu kisichoshonwa mdomo.

Hakuna anayenilipa. Niseme mapema,
maana ndilo swali la kwanza kila nifikapo.
"Wewe wa gazeti gani?"
Sina gazeti.
"Wa chama?"
Sina chama.
"Basi hizo picha unakula?"
Mke wangu Dorika huuliza hivyohivyo,
ila yeye huuliza huku akinifutia vumbi kwenye lenzi
kwa pindo la khanga.

Ninaye mbuzi mwekundu wa mnada wa Msalato
akimlamba shingoni kijana aliyekuja kumuuza.
Ninaye fundi baiskeli wa Kongwa,
kiraka cha mpira kati ya meno,
mikono yote miwili imo ndani ya gurudumu kama ya mkunga.
Ninazo zabibu za Hombolo zilizolemewa na vumbi
hata hujui ni tunda au kokoto.
Nina treni ya mchana iliyotoka ukungu mtupu.
Hiyo ni kosa, lakini sijaifuta:
mtoto mmoja dirishani, mmoja tu, hakutikisika.

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa ghalani,
kina mama wa Mvumi walipiga muheme kwenye uwanja wa shule.
Nilifika alfajiri, baridi ile ya kupasua midomo.
Walikuwa wamewasha mabua,
ngoma zimeelekezwa motoni ngozi zikaze.
Sechelela Ndahani alikuwa ameinama,
sikio juu ya ngozi,
kidole kimoja kinagonga, kinangoja jibu.
Nikapiga moja. Nikaisahau.

Saa nne uwanja ukachemka.
Ngoma kati ya magoti, mabega hayashikiki,
vumbi limepanda hadi madirisha ya darasa la nne.
Ndipo Sechelela akairusha ngoma yake
ikapaa, ikageuka, ikasimama hewani
muda wa mtu kumeza mate,
naye chini yake mikono wazi, anacheka,
na kamera ikaniandikia: kadi imejaa.

Nimeyakataa magunia mangapi kwa kujaa kupita kiasi!
Siku ile nilikataliwa mimi.

Wiki mbili baadaye nikawapelekea picha,
nimezisafisha mjini, Barabara ya Sita, kwa fedha ya mboga.
"Iko wapi niliyorusha ngoma?"
Nikasema kweli, nikichora ardhi kwa kidole cha mguu.
"Mbuzi amepata nafasi, mimi nimekosa?"
Nikampa ile ya alfajiri
kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu.
Kicheko kikamkauka.
Akamwita dada yake aliyekuwa akipepeta uwele:
"Nyembela, njoo umwone aliyekaa hapa motoni."
Nyembela akaja na ungo wake.
Akasema: "Mama."

Huyo mama hakuwahi kupigwa picha,
hata ya kitambulisho.
Ndivyo alivyokuwa akiisikiliza ngozi, waliniambia,
sikio la kushoto, mdomo umebanwa upande.
Miaka kumi na tisa hawakuwa na pa kumtazama.
Mimi sikumpiga yeye. Sikumjua.
Lakini alikuwemo.

Jumatatu, gunia la kwanza limezidi kilo kumi na mbili.
Dereva akaapa kwa jina la mama yake.
Nikamtazama usoni kuliko kawaida,
paji, pua, namna jicho moja linavyotangulia kucheka,
nikimtafuta huyo mama,
hata akaniuliza, "Vipi, mizani?"

Nikamwona, nadhani.
Halafu nikasema: shusha.