Daftari la Kwenye Dashibodi

Niliuza ekari moja ya misindano michanga
nikanunua gari lililozeeka Japani
kabla halijasikia kwamba kuna Njombe.
Muuzaji alinipa funguo mbili na ushauri mmoja:
"Ukisikia mlio, usiufuate. Ongeza redio."
Redio haifanyi kazi.

Asubuhi, sakitu imeunguza majani ya viazi,
nazungusha ufunguo kwa adabu,
kama mtu anayemwamsha mkwewe.
Linakohoa. Linanyamaza.
Mama Kihongosi anafungua dirisha lake:
"Leo je, tunasukuma?"

Kwenye dashibodi kuna daftari la mraba,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Januari: bushi za mbele, elfu arobaini na tano.
Februari: bushi zile zile, safari hii "ogino".
Machi, barabara ya Uwemba imekuwa uji:
boljointi, elfu sitini,
elfu tano ya vijana walionitoa mtaroni,
elfu mbili ya yule aliyesimama pembeni akishauri.
Aprili, bima ndogo. Kubwa ingelizidi gari lenyewe.
Mei, trafiki pale Kibena akainama,
akaitazama tairi ya nyuma kwa huruma ya daktari,
kisha akaandika elfu thelathini.
Juni hakuna kitu. Juni lilikaa juu ya matofali.
Mafuta siandiki.
Anayehesabu chumvi hapiki.

Fundi Kaduma hana haraka.
Anajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
anasikiliza injini amefumba macho,
halafu anatoa maneno yaliyonigharimu kuliko spea zote:
"Maadamu tumeshafungua, afadhali tubadilishe na..."
Hiyo "na" yake ina watoto, ina wajukuu.
Nikamwambia, fundi, nilikuletea linavuja oili tu.
Akasema: "Hata wewe ulikwenda hospitali kwa kikohozi,
ukarudi na presha."

Usiku mmoja nilijumlisha kutoka juu kwenda chini,
kisha kutoka chini kwenda juu,
kana kwamba jumla hupungua ukiipandia upande wa pili.
Mke wangu akachungulia begani:
"Kumbe tuna gari la pili. Liko wapi?"

Kazi yangu ni kupokea ada, dirishani, shule ya wasichana.
Jumatatu ya kufungua, mtandao wa benki umelala,
wazazi wamekuja na fedha mkononi.
Wa saba kwenye foleni alikuwa Kaduma,
shati jeupe, mikono imesuguliwa hadi ikawa ya mtu mwingine,
nyuma yake binti yake Ositha, kidato cha tatu, viatu vipya.
Akahesabu noti juu ya kizingiti.
Moja ya elfu kumi ilikuwa na selotepu pembeni,
selotepu niliyoibandika mwenyewe
wiki iliyopita, siku ya feni belti.
Nyingine zilinuka grisi. Nikazifahamu zote,
kama mtu anavyofahamu kuku wake
kwenye banda la jirani.

Tukatazamana.
Nikamwandikia risiti: namba, sahihi, mhuri.
Yeye hajawahi kuniandikia hata moja.
"Fizikia anaipenda sana," akasema, akimgusa Ositha bega.
"Fizikia," nikasema.
Na mshahara wangu unatoka kwenye sanduku lile lile,
noti ya selotepu ikipenda itarudi kwangu
kupumzika siku mbili tatu.

Jioni gari halikuwaka.
Wasichana kumi na wawili wakatoka bwenini wakicheka,
wakaweka viganja kwenye buti,
na pale mteremko unapoanza
sauti ya Ositha ikaja juu ya zote:
"Gia ya pili, mhasibu! Sasa achia klachi!"

Likawaka.
Nilipofika nyumbani sikulizima kwanza.
Nikafungua daftari, nikaandika:
Julai, kusukumwa, bure.
Nikaitazama injini ikitetemeka,
nikalifuta lile neno la mwisho.