Bakuli la Doreen

"Usilete kitu," alisema Doreen wa mlango wa pili,
akisukuma pipa la taka, hapa Grimsby.
Kwetu neno hilo lina tafsiri yake:
mkono mtupu haulambwi.

Dukani nikashika mvinyo, nikaurudisha;
nitamsifiaje kinywaji nisichowahi kukionja?
Maua yalikuwa na sura ya mazishi.
Biskuti za kopo anazo, tatu, hajazifungua.

Nikarudi na baridi yangu mfukoni.
Ndipo kabatini nikaliona: bakuli la buluu,
lile la supu ya Februari, nilipougua.
Miezi kumi,
halijarudi.

Nikakanda unga, nikatwanga iliki,
visheti vikajaa hadi ukingoni.

Siku ya Krismasi, mlangoni,
visheti hata hakuvitazama.
"Kumbe ulikuwa nalo wewe!"