Hadi Kwenye Kisiki

Daktari Nyamizi hakuniandikia kidonge.
Aliandika: Tembea. Saa nzima. Kila siku.
Ile "kila siku" akaipigia mstari mara mbili,
akakitazama kitambi changu
kama mtu atazamaye gunia lililozidi mizani.

Basi alfajiri nafunga kamba za raba za mwanangu,
zimenizidi vidole viwili, nimejaza gazeti mbele.
Natoka Ipuli, naishika njia ya Igombe,
mbwa wa Mama Kasanda ananibwekea hadi kona
kisha ananyamaza, kama aliyekwisha kunifahamu.

Kilomita ya kwanza ni ya magoti.
Ya pili ni ya pumzi.
Ya tatu, mwili unaacha kulalamika, macho yanaanza kazi.
Ni Septemba. Miyombo imevaa majani mapya,
mekundu, kabla mvua haijaahidi chochote;
sijui miti hii inamwamini nani.
Mzinga wa gome umelala kwenye panda ya mtundu,
nyuki wamekwisha kuamka,
na nyasi zilizochomwa juzi zinanuka hadi kooni.
Hapa kuna kivuli. Hatua mia mbili na kumi za kivuli.
Nimezihesabu.
Baada ya hapo ni jua tupu hadi bwawani.

Kuhesabu ni ugonjwa wangu wa zamani.
Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye geti la maliasili:
meza, kijaluba cha wino,
muhuri wenye mpini wa mninga.
Mkaa ukipita, mimi: pa!
Wenye kibali: pa!
Usio na kibali lakini wenye maelezo mazuri:
pa!
Shoka sikuwahi kulishika. Viganja vyangu laini hadi leo.
Msitu niliukata kwa karatasi, nimeketi,
na kiti kikaninenepesha.

Jumanne nilikutana na kijana, baiskeli, magunia manne,
anasukuma kilimani, kifua juu ya usukani,
misuli ya miguu kama kamba za katani zilizolowa.
Yeye hakuna daktari aliyemwandikia.
"Shikamoo, Mzee Muhuri."
Nikashtuka. "Wanijuaje?"
"Marehemu baba alikuwa akipita kwako. Mihambo, mtu wa Ndono.
Alisema wewe huna maneno mengi."
Nikatafuta neno la kumwambia. Neno gani?
Ugali wangu wa jana uliivia mkaa.
Nikaweka bega nyuma ya gunia, tukasukuma,
hata mteremko ukamchukua, akapotea na kengele yake.
Nilirudi na weusi viganjani.
Sabuni haikuutoa siku ile.

Pale kivuli kinapokatika pana kisiki cha myombo,
kimekatwa usawa wa goti.
Ubavuni kimetoa machipukizi saba;
mawili mbuzi walikwisha kuyaonja.
Nilikizungushia miiba ya mgunga, ikanichana mikono,
nikatukana peke yangu barabarani, mtu mzima.
Sasa kila asubuhi nafika, naketi kando yake, si juu yake,
nahesabu: saba. Nane.
Siku moja, tisa. Nikarudia tangu mwanzo,
kana kwamba mkaguzi amesimama nyuma yangu.
Maji ya chupa tunagawana nusu kwa nusu,
ingawa najua mizizi yake inakunywa mbali kuliko mkono wangu.

Juzi Daktari Nyamizi kanipima. Sukari imeshuka.
"Unatembea umbali gani, mzee?"
Nikazitafuta kilomita, sikuzipata.
"Hadi kwenye kisiki," nikasema, "na kurudi."
Hakucheka. Akaandika hivyo hivyo katika cheti,
akavuta kijaluba, akainua muhuri wake.
Pa!
Nami nikafumba macho.