Vibonge Vitatu vya Nta

Sijawahi kukuona uso, Fermín Catrileo.
Nimeuona utumbo wako tu,
kipande kidogo kuliko punje ya mchele,
kilichonyofolewa kwa mdomo wa kamera asubuhi ya Julai,
mvua ya Valdivia ikigonga bati kama mdai.

Kwenye fomu wameandika: mwoka mikate, miaka hamsini na minane.
Anahara. Amekonda kilo kumi na moja.
Halafu, kwa mwandiko mwingine:
ameachishwa ngano miaka sita, hakuna nafuu.
Mwoka mikate. Miaka sita.
Nilirudia hapo, nikarudia,
kama mtu apapasaye jino bovu kwa ulimi.

Odette Barría alikukata wembamba wa pumzi,
akakutandaza juu ya maji vuguvugu, akakuokota kwa kioo,
akakutia zambarau na waridi.
Nikainamia hadubini.

Walikuwepo. Wengi.
Seli ndogo, duara, za rika moja,
zimejazana chini ya utando wa utumbo
kama watu waliokuja matangani
na arobaini ikapita hawajaondoka.
Seli T: rangi ya kahawia ilithibitisha.
Kisha kipimo cha jeni kikarudi kutoka Santiago
kikisema kwa ufupi: wote ni wa mama mmoja.

Katika kazi yangu, ukoo mmoja ni neno zito.
Daktari Sanhueza alikwisha kulitamka lile jingine,
limfoma,
na chupa za dawa kali zilikwisha kuagizwa,
na kitanda namba nne, na Jumatatu.

Lakini tezi zilikuwa zimesimama.
Hakuna aliyevunja ukuta, hakuna aliyechoma paa.
Nilihesabu zinazogawanyika: katika mia, mbili.
Nikahesabu tena, nikiiogopa tamaa yangu.
Mbili.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa hawakushika jembe, wala hawakushika panga.
Walikaa tu.
Na kukaa tu nako ni maradhi, usinielewe vibaya:
kukonda kwako ni kwa kweli,
mbio zako za chooni saa tisa usiku ni za kweli.

Nilikuwa na kila rangi ila moja.
"Odette, niletee vya zamani."
Alipanda kutoka ghalani na vumbi kwenye nyusi
na vibonge viwili vya nta: cha miaka mitatu nyuma,
na cha miaka sita, kile walichokisoma kwa haraka
wakasema, ngano.
Tukavikata. Tukavipanga na kipya, meza moja.
Walikuwa wale wale.
Miaka sita, hawajapiga hatua.
Muda ndio rangi iliyokuwa imepungua.

Nikampigia Sanhueza. Alinyamaza,
nikawasikia kupitia dirisha lake simba wa bahari
wakigombea vichwa vya samaki nyuma ya soko.
"Sasa nimwambie nini?"
Dawa kali haitawafukuza hao. Itamfukuza yeye.
Mtulize tumbo, mlishe, mpime uzito,
umrudishe kwenye kamera baada ya miezi sita.
"Na ngano?"
Mwambie ale mkate.
"Namwambiaje mtu hilo, baada ya miaka sita?"
Hapo mimi sina kioo cha kutazamia.

Sikuandika "salama" kwenye ripoti.
Kimya kingi kina mshindo,
na wachache katika hawa, miaka ikienda, huamka.
Niliandika: wa polepole.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Jioni Odette alivirudisha vibonge kwenye droo,
akaacha upana wa kidole
pembeni mwa kile cha tatu.