Ethi Kwenye Kiraka cha Viazi

Kisiwa chetu ni jabali tupu,
limeipa Ufini kisogo kama mtu aliyesusa.
Udongo tulio nao ulikuja kwa magunia:
Alfhild, mama wa bibi yangu, aliuvusha kwa makasia,
akautandaza nyuma ya ghala, hatua tisa kwa nne,
akapanda viazi.

Humo ndimo baba alimogongelea fimbo ya shaba,
ngo, ngo, ngo,
mama dirishani akihesabu viazi vilivyotobolewa.
"Redio bila ethi," baba alisema,
"ni mtu asiye na kwao."

Alipokufa, Runar alichukua boti, mimi redio.
Hatukugombana. Tuliacha tu kuongea,
ndivyo tulivyo huku.
Ila kabla ya kwenda zake
alifunga ethi ya pili, kwenye bomba la jikoni,
bila kuniuliza.

Tangu hapo, mvumo.
Mizunguko hamsini kila sekunde,
nyuki ndani ya mtungi.
Bwana mmoja wa Tallinn aliniambia kwa upole:
"Dada, sauti yako inakoroma."
Nikabadilisha chombo cha kushushia umeme,
kipya, chepesi, cha bei mbaya;
nyuki wale wale,
na sasa kila nikigusa kasha, upupu vidoleni.
Waya wake wa ethi, kumbe, haukufika popote:
soketi ya chumba kile ina matundu mawili tu.
Hilo nililitengeneza kwanza.

Kisha, Januari, nilitambaa chini ya sakafu na mita,
tochi mdomoni, pua imekufa ganzi.
Baina ya fimbo ya baba na bomba la Runar:
volti tatu na nusu.
Ardhi mbili, kila moja ikiapa ndiyo ardhi.
Mafahali wawili, zizi la waya.

Koleo nilikuwa nalo mkononi.
Sikukata.
Nilizifunga pamoja kwa utepe mpana wa shaba,
mita kumi na moja, masalio ya paa la kanisa,
na baina ya redio na kompyuta nikaweka transfoma
ndogo kama kiberiti.
Ndani yake koili mbili. Hazigusani.
Kati yao karatasi,
lakini linalosemwa upande huu husikika upande ule.
Niliitazama muda mrefu
kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumapili, saa mbili usiku, mita themanini.
Naita, naita.
Akajibu mtu wa Umeå,
kwa herufi ninazozijua kama kovu la goti langu.

"Tano tisa," alisema. Kisha:
"Ule mvumo umekwisha."
"Umekwisha."
"Umekata ya jikoni?"
"Nimeziunganisha."

Kimya. Kimya safi, kisicho na nyuki,
hata nikasikia kiti chake kikilia ng'ambo ya maji.

"Viazi vimeota?"
"Ni Januari, Runar."
"Najua," akasema.
Wala hakuachia masafa.